Mwendo, Kituo na Saa: Historia ya Kupima Umbali Baina ya Pwani na Kabanga

Mtu akiulizwa Kabanga iko mbali gani na Dar es Salaam, aweza kujibu kwa njia nne, na kila jibu likawa la kweli. Aweza kusema kwamba ni kilomita zipitazo 1,300 kwa barabara. Aweza kusema kwamba ni kilomita kama 1,070 kwa mstari ulionyoka. Aweza kusema kwamba ni saa mbili kwa ndege, ijapokuwa hakuna ndege ya abiria itokayo Dar es Salaam ikatua Kabanga. Au aweza kusema, kama walivyosema wazee wa misafara, kwamba ni mwendo wa miezi. Majibu hayo manne si ya zama moja, walakini yote manne yangali yakisemwa, na mara nyingine husemwa na mtu mmoja katika mazungumzo mamoja.

Makala haya yataka kueleza jinsi majibu hayo yalivyopatikana, moja baada ya jingine, na maneno ya Kiswahili yaliyotumika katika kila zama. Kabanga nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji mdogo wa mpakani katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, unaotazamana na Kobero ya Burundi. Basi ndiko barabara ya Tanzania inakokoma upande huo, na mwisho wa njia ndio mahali pazuri pa kuipimia njia. Pili, ndiko alikozaliwa mama yangu, na safari ya kwenda huko nimeifanya kwa namna zote zilizobaki isipokuwa kwa miguu.

I. Kipimo cha siku

Wako waandishi waliosema kwamba Waswahili, kabla ya kuletewa maili na kilomita, hawakuwa na kipimo cha umbali, bali walikisia tu kwa siku. Kauli hii haina msingi. Neno masafa lilikuwako katika lugha, nalo latokana na Kiarabu. Tena wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani, wameweka wazi mpaka wa safari inayomruhusu msafiri kufupisha sala: marhala mbili, nazo ni farsakhi 16, nazo ni maili 48 za Kihashimu. Marhala moja ni mwendo wa siku wa wanyama waliobeba mizigo. Basi tazama: katika hukumu moja, kipimo cha siku na kipimo cha maili vimewekwa bega kwa bega, na kila kimoja chafasiriwa kwa mwenzake. Aliyesoma chuoni Lamu au Bagamoyo aliyajua yote mawili. Ikiwa alipokwenda bara alihesabu kwa siku, hakufanya hivyo kwa kukosa maili. Alifanya hivyo kwa kuwa siku zilimfaa zaidi.

Kwa nini zilimfaa? Tuangalie hesabu za wasafiri walioandika. Burton na Speke walipotoka pwani mwezi wa Juni 1857, walifika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Burton alikadiria mwendo huo kuwa maili 600. Tukigawanya twapata maili nne na nusu kwa siku, mwendo ambao mtoto aweza kuumaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini wapagazi hawakwenda polepole kiasi hicho. Siku waliyokwenda walikwenda maili kumi au zaidi, kila mmoja akiwa na mzigo wa frasila mbili, yaani karibu ratili 70. Siku zilizobaki zilikwenda katika ugonjwa, kutafuta posho, kuwatafuta wapagazi waliotoroka, na kungoja ruhusa ya kupita. Maili zisingemwambia mtu lolote katika mambo hayo. Siku zilimwambia yote, maana ndani yake zilihesabiwa njaa, maji, vita na ada.

Mfano ulio karibu zaidi na Kabanga ni wa safari ya pili ya Speke, aliyoifanya pamoja na Grant. Waliondoka pwani mwanzoni mwa Oktoba 1860, wakafika Kazeh Januari 1861, na hawakufika kwa Rumanika, mtawala wa Karagwe, ila mwishoni mwa Novemba 1861. Kutoka Tabora hadi Karagwe kwa mstari ulionyoka hapazidi sana kilomita 400, lakini safari ilichukua miezi kumi. Njia yao ilipita Uzinza na Usui, nchi ambayo wenyeji huiita Rusubi, na ambayo ardhi yake leo imo katika upande huu wa Biharamulo na Ngara. Huko Usui mtawala alikuwa Suwarora, na Speke alikaa akingoja hongo yake ikubaliwe, kitambaa kwa kitambaa na ushanga kwa ushanga.

Neno hongo halina budi kuelezwa hapa, kwa sababu maana yake imegeuka. Leo hongo ni rushwa, jambo la siri na la aibu. Katika zama za misafara hongo ilikuwa ada ya kupita, ikitolewa mchana mbele ya watu, na mtawala aliyeipokea alijifunga kumlinda mgeni katika nchi yake. Ni sawasawa na ushuru wa forodha wa leo kuliko na rushwa. Wasafiri wa Kizungu waliiandika kama unyang'anyi, na pengine Suwarora alizidisha. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa halali. Jambo la kuzingatia ni kwamba hongo ilikuwa sehemu ya umbali. Aliyekuwa na nguo nyingi alikuwa karibu na Karagwe. Aliyeishiwa alikuwa mbali, hata kama alikwisha kuiona milima yake.

II. Kituo

Katika maneno yote ya safari, hakuna lililofanya kazi ndefu kama kitenzi kutua na jina lake kituo. Mpagazi alitua mzigo. Mahali alipoutua pakawa kituo. Na hesabu ya njia ikawa hesabu ya vituo. Katika habari za safari zilizoandikwa na Waswahili wenyewe, kama zile alizozichapisha Velten mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli, na katika maisha ya Tippu Tip yaliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 20, njia huelezwa hivyo: tulilala mahali fulani, tukaondoka, tukalala pengine. Msomaji wa leo aliyezoea ramani huona habari hizo ni kavu. Lakini mtu aliyetaka kupita njia ile ile alipata humo yote aliyoyahitaji, maana kila kituo kilimaanisha maji, na kila siku iliyotajwa ilimaanisha chakula cha siku moja cha kuchukua.

Wasafiri walikuwa na neno hata kwa siku isiyofuata kanuni. Msafara kwa desturi uliondoka alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali. Lakini palipokuwa na nyika isiyo na maji, watu walipika na kula kwanza, kisha wakaondoka alasiri, wakalala njiani bila maji, wakafika majini kesho yake asubuhi. Mwendo huo wa alasiri uliitwa terekeza, na Burton, Speke na Stanley wote wameliandika neno hilo, kila mmoja kwa tahajia yake. Yaelekea ni jamaa ya kuteleka, yaani kuweka chungu motoni, kwa kuwa mwendo wenyewe ulitanguliwa na chungu. Siku hizi kutelekeza ni kuacha mtu au kitu bila ya kukitunza, na vijana wengi hawajui kwamba neno linalofanana nalo lilikuwa kipimo cha njia.

Marehemu babu yangu, mzaa mama, hakupata kuisoma habari ya Burton wala ya Velten. Lakini nilipomwuliza, miaka ishirini na zaidi iliyopita, juu ya safari zake za ujanani kwenda Buganda, alinijibu kwa mtindo ule ule. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 na hata baadaye, watu wengi wa Ngara, pamoja na wa Burundi na Rwanda, walikwenda Buganda kwa miguu kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa. Kutoka Kabanga hadi Kampala ni kilomita kama 400 kwa mstari ulionyoka. Nilimwuliza: "Babu, ilikuwa mbali gani?" Akaanza kuinamisha vidole, kimoja kimoja, akitaja jina la kila mahali alipolala. Vidole vya mikono vilipokwisha akahamia vya miguu. Hakutaja jumla. Nilipomwomba jumla alishangaa, akasema: "Mjukuu wangu, jumla haina mahali pa kulala."

III. Reli isiyofika

Reli ndiyo iliyoanza kuutenga umbali na jasho la mtu. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914, jumla ya kilomita kama 1,250. Njia ya Tabora iliyomchukua Burton siku 134 sasa ikawa ya siku chache, na mtu aliisafiri ameketi. Lugha ikapata gari la moshi, stesheni, tikiti na behewa. Lakini stesheni haikukifuta kituo. Watu waliyatumia yote mawili, na hatimaye kituo kikarudi na nguvu: leo twasema kituo cha treni na kituo cha basi, na hakuna anayekumbuka kwamba anataja mzigo wa mpagazi.

Kabanga ingeweza kuwa karibu na reli. Mwaka 1914 Wajerumani walikwisha kuanza kazi ya tawi la kutoka Tabora kwenda pembe ya mto Kagera, kwa nia ya kuzifikia Rwanda na Burundi. Vita Vikuu vikazuka mwaka ule ule, na tawi likafa. Waingereza walipoitawala Tanganyika walijenga tawi jingine, la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Nalo likapita mbali upande wa mashariki. Zimepita zaidi ya miaka mia moja. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina mipango ya kufika Rwanda na Burundi, lakini Ngara ingali ikingoja mluzi wake wa kwanza.

Basi kwa watu wa Kabanga kazi ya reli ilifanywa na lori na basi. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kupita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Lusahunga hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga sasa ndiyo mshipa wa nchi zile. Magari yanayochukua shehena ya Burundi huipita Kabanga usiku na mchana. Na hapo tena lugha imerudi kwenye neno lake la zamani: Kobero na Kabanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo watumishi wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja ili gari lisisimamishwe mara mbili. Dereva akiulizwa safari yake ni ya siku ngapi, hahesabu kilomita. Huhesabu siku za barabarani na siku za kungoja mpakani, kila moja mbali. Suwarora angemwelewa.

Hata basi lilihesabiwa kwa malazi. Kwa miaka mingi, hadi 2023, mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kucha, na abiria wa Ngara asiyefika siku ile ile alilala Kahama au pengine njiani. Hivyo Kabanga ilikuwa "mbali kwa kulala mara moja," na maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu katika stendi ya mabasi, yakisemwa na mtu mwenye simu ya kisasa mkononi.

IV. Ndege na lugha ya jahazi

Njia ya ndege kutoka Uingereza iliingia Tanganyika kupitia ziwani. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya London hadi Mwanza, na kwa muda wa karibu mwaka mmoja Mwanza ilikuwa ndio mwisho wa njia ya anga kutoka Uingereza, mpaka njia hiyo ilipoendelezwa hadi Cape Town mwaka 1932. Safari ya London hadi Mwanza ilichukua siku kama kumi, kwa kuwa ndege zililala kila usiku, kama msafara. Sasa tufanye hesabu ndogo. Kabanga iko magharibi ya Mwanza kwa kilomita kama 270 za mstari ulionyoka. Mtu aendaye kwa miguu kilomita 25 kwa siku angetumia siku kumi na moja, bila kuhesabu maji ya ziwa yaliyo katikati. Kwa hiyo katika mwaka 1931 Mwanza ilikuwa karibu na London sawasawa na ilivyokuwa karibu na Kabanga. Hili si fumbo la maneno; ni matokeo ya chombo kipya kilichowafikia watu wa mahali pamoja na kuwaacha wa pengine.

Baadaye likaja shirika la East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika 1977, na mwaka huo wa 1977 Air Tanzania ikaanzishwa. Lakini hapa twashughulika na lugha zaidi kuliko mashirika. Kiswahili kilipokutana na chombo hiki kipya, kilikiita ndege, na wako waliosema eropleni. Ndege likashinda. Maneno mengine ya chombo hicho hayakutoka angani wala hayakutoka bara, yalitoka baharini. Anayeiongoza ndege ni rubani, na rubani kwanza ni mwelekezi wa jahazi. Anayepanda ni abiria, na abiria kwanza ni mtu wa chomboni. Analipa nauli, iliyokuwa ujira wa marikebu. Mizigo ni shehena. Mtu wa pwani hakuhitaji kubuni lugha mpya. Alikiona chombo cha kupakia na kushusha watu, kinachoongozwa na mjuzi wa upepo, akakipa lugha ya babu zake.

Neno moja tu la njia ya nchi kavu limepanda angani, nalo ni kutua. Ndege hutua. Najua nitaambiwa kwamba ndege wa mbawa naye hutua tawini, na kwamba huko ndiko neno lilikotoka. Sikatai. Hata jua hutua. Lakini maana hizo tatu zina kiini kimoja: kitu kilichokuwa juu kimefika chini na kupumzika. Mpagazi, ndege na jua vyote vina mwisho wa siku, na Kiswahili kimeviweka katika kitenzi kimoja.

Watu wa Kabanga walilipokea neno ndege kwa namna yao. Katika Kirundi, na Kihangaza kinachokaribiana nacho mno, ndege wa mbawa ni inyoni. Eropleni ni indege. Yaani walichukua kutoka Kiswahili ile maana mpya tu, na ile ya zamani wakawaachia wenyewe Waswahili. Kadhalika walichukua isaha kutoka saa, lakini safari yenyewe imebaki urugendo, neno la ukoo mmoja na mwendo wetu. Chombo kiliazimwa, saa iliazimwa, kwenda hakukuazimwa. Ushahidi huu wa maneno waonyesha kwamba vipimo vipya vilikuja na vyombo vyake, havikukuta nafasi tupu.

V. Saa ya Kabanga

Tumefika kwenye jibu la saa mbili, ambalo ndilo jibu la leo, na ndilo linalohitaji tahadhari kuliko yote. Kwanza, saa yenyewe si moja. Hesabu ya Kiswahili yaanza na jua: saa moja ni saa ya kwanza baada ya kucha. Lakini saa za Tanzania zimewekwa kwa nchi nzima, na Kabanga iko upande wa magharibi wa Dar es Salaam kwa karibu nyuzi tisa za longitudo, na kila uzi ni dakika nne. Jua lachelewa Kabanga kwa dakika 35 kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo Kabanga jua hutoka karibu na saa moja ya saa ya mkononi, na huwa utosini karibu na saa saba. Mtoto wa shule anayefundishwa kwamba saa sita ni mchana wa jua utosini, akitoka nje kutazama kivuli chake, atamwona mwalimu amekosea.

Tena Burundi hufuata saa iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa moja nzima. Avukaye kutoka Kabanga kwenda Kobero hupiga hatua chache akarudishiwa saa moja ya maisha yake. Na saa hiyo ya Burundi, kwa ajabu, ndiyo inayolingana na jua la Kabanga. Mambo haya huingia katika tikiti za ndege. Dar es Salaam hadi Bujumbura ni kilomita kama 1,160 za anga, karibu saa mbili. Ndege ikiondoka saa nne asubuhi, itatua saa tano kwa saa ya Bujumbura. Asiyejua atasoma tikiti na kusema kwamba safari ilikuwa ya saa moja.

Pili, na hili ndilo kubwa, saa za ndege hazihesabu njia ya kufika kwenye ndege. Babu yangu alifariki wakati mimi ningali nikisoma Ulaya. Nilipopata habari nilikata tikiti siku ile ile. Karatasi ilionyesha saa tisa za angani, na kwa akili ya msomi nilijumlisha: saa tisa, na saa mbili nyingine za ndani ya nchi, nitawahi mazishi. Nilifika Kabanga siku ya nne. Palikuwa na kungoja ndege ya kuunganisha, kisha ndege ya ndani iliyoahirishwa, kisha basi, kisha gari dogo lililoharibika gizani. Kaburi lilikwisha kuota vijani vya kwanza vya mvua. Mjomba wangu hakunilaumu. Aliniuliza tu nimelala wapi na wapi njiani, nami nikamtajia, kituo kwa kituo, akatikisa kichwa akisema: "Basi ni mbali kweli." Hakuuliza saa. Hapo ndipo nilipoelewa jawabu la babu kuhusu jumla.

VI. Jina la nchi

Kabanga imo katika Bugufi, nchi iliyokuwa ya ufalme wa Burundi kabla ya Wazungu kuigawa, na ambayo katika mapatano ya Uingereza na Ubelgiji baada ya Vita Vikuu ilibaki upande wa Tanganyika. Katika Kirundi mzizi -gufi ni jamaa wa -fupi yetu, na bugufi hutumika hata kwa maana ya karibu. Sidai kwamba jina la nchi limetokana na maana hiyo. Majina ya nchi yana historia zake, na kufanana kwa sauti si ushahidi. Lakini ukweli wa mahali penyewe wastahili kuangaliwa. Kwa mstari ulionyoka, Kabanga iko kilomita kama 80 kutoka Kigali, kama 150 kutoka Bujumbura, na kama 210 kutoka Bukoba, makao makuu ya mkoa wake wenyewe. Nchi ambayo mtu wa Dar es Salaam huiita mwisho wa dunia iko karibu na miji mikubwa miwili ya nchi jirani kuliko ilivyo karibu na mkuu wake wa mkoa. Mbali ni neno lenye kuhitaji mwenyewe: mbali na nani?

Swali hilo halikupata kujibiwa kwa ukali kama mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Walikaa Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Magazeti ya ulimwengu yaliyataja majina ya Ngara na Benaco kana kwamba yalikuwa jirani na kila msomaji. Kwa wale waliovuka, umbali ulipimwa kwa kipimo cha kwanza kabisa: uzito wa kilicho kichwani, mtoto aliye mgongoni, na mahali pa kwanza palipo salama pa kutua. Vipimo vyote vilivyobuniwa tangu Burton viliondoka siku ile, kikabaki kituo.

VII. Mwisho

Tumeona basi kwamba kila zama ilileta kipimo chake. Msafara ulihesabu siku na vituo. Reli na lori zilileta ratiba na kilomita. Ndege imeleta saa. Lakini kipimo kipya hakikuua cha zamani. Kilikifunika tu, na safari inapoharibika kile cha zamani huonekana tena. Pia tumeona kwamba Kiswahili hakikupokea vyombo hivi mikono mitupu: kiliipa ndege lugha ya jahazi, na kituo cha mpagazi kikapewa treni, basi na forodha.

Kwa waandishi wa kamusi nina ombi moja. Katika kamusi zetu nyingi umbali hufasiriwa kuwa urefu wa nafasi iliyopo baina ya vitu viwili. Tafsiri hiyo ni ya jiometri, nayo haina kosa. Lakini haitoshi kwa lugha ya watu waliokwenda. Yafaa iongezwe maana ya pili: kiasi cha siku, taabu na vituo vya kufikia mahali. Ombi hili si la mapambo. Mwenye kupanga zahanati, shule au posta kwa kutazama saa za ndege na mistari ya ramani ataiona Kabanga ni karibu, na mgonjwa wa Kabanga atalipia kosa hilo kwa miguu yake.

Katika ushairi wetu, kituo ni jina la mshororo wa mwisho wa ubeti, pale ambapo maana hutuliwa. Wahenga hawakukosea kuuita hivyo. Njia ambayo haijatajiwa mahali pa kutua haijapimwa bado.